Mwaga maji kwanza, silikoni baadaye

Sikubaliani na ushauri wa kukimbilia silikoni gari linapoingiza maji. Carina yangu ya 1994, ninayoendesha kati ya Makenke na Nakivale, ilikuwa ikilowa kapeti upande wa abiria kila mvua inyeshapo. Fundi akapaka silikoni kioo chote cha mbele. Maji yakazidi kuingia. Mwishowe tuling'oa kapeti, tukakausha sakafu, mwanangu akajikunja chini ya dashibodi na tochi, nami nikamwaga maji polepole kwa jagi, kuanzia chini kwenda juu. Nilipofika kwenye waipa akaita, "Baba, hapa!" Majani ya mkaratusi, yaliyooza yakawa kama tope, yalikuwa yameziba tundu la kutolea maji. Ila maji yakinukia utamu na kuteleza vidoleni, hiyo si mvua. Ni maji ya rejeta, heta imetoboka.