Sakafu ya Mawe Ikiingia Weusi, Tusikimbilie Asidi



Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda sana, na nyumba nyingi za Bujumbura zilizo karibu na ziwa ziliingiwa na maji. Hapa kwetu Kibenga twajua: unyevu ukikaa chini ya jiwe, jiwe huwa jeusi. Nta na mabaki ya sabuni ya miaka mingi huongeza giza.

Wengi hukimbilia siki, ndimu au asidi. Sisi tunasema hapana. Marumaru na mawe ya chokaa huliwa na asidi, na mng'aro uliopotea haurudi ila fundi asugue upya. Baya zaidi ni kuchanganya asidi na javeli: hutoka hewa ya klorini, sumu ya mapafu, ndani ya nyumba yenye watoto.

Kwanza jiwe likauke: mazulia yaondolewe, madirisha yawe wazi, tusubiri hata wiki kadhaa. Kisha maji ya vuguvugu, sabuni laini isiyo na asidi, na kusuuza vizuri. Weusi ukibaki, aitwe fundi. Kung'oa sakafu nzima ingali nzima ni israfu.