Soko Kila Kata: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Serikali za Mitaa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Bungu, katika milima ya Usambara, mintarafu ya jambo ambalo huenda likadhaniwa si la watu wa milimani, nalo ni taabu ya kupata mboga na matunda katika mitaa ya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Sisi wakulima tuna haki ya kulisema, kwa sababu mbili: kwanza, mboga hizo aghalabu hutoka katika makonde yetu, na pili, wanaozikosa ni pamoja na watoto wetu wenyewe, walioshuka bondeni kutafuta riziki na kupanga vyumba mahali ambapo kodi ni nafuu.

Siku ya mzigo, hapa kwetu, kabichi hukatwa zikiwa bado na majani ya nje ya kuzikinga, karoti huoshwa mtoni na kutiwa maguniani, na nyanya hupangwa katika matenga yaliyotandikwa nyasi kavu, moja baada ya moja, kwa mkono. Gari hushuka Korogwe, likashika barabara kuu ya Segera na Chalinze, mwendo wa takriban kilomita 300, na kabla ya alfajiri mzigo umekwisha kuwasili Ilala, au Buguruni, au Temeke Stereo. Hadi hapo mambo huwa mema. Taabu huanza pale ambapo safari ndefu imekwisha. Maana masafa mafupi yanayosalia, kutoka soko la jumla hadi Chanika, Msongola, Kivule au Chamazi, ndiyo yenye gharama kubwa mno kwa anayeyasafiri na kwa anayemngojea.

Nimemwona mwenye genge wa huko Chanika katika kazi yake. Huamka saa tisa za usiku, akapanda daladala ya kwanza, akashirikiana na wenzake kununua tenga, akalipa ushuru, mchukuzi na nauli ya mzigo. Na jua linapopanda, akiwa amekwisha kurudi kwenye meza yake ya mbao chini ya mwavuli uliochanika, mchicha huanza kunyong'onyea, naye hulowanisha gunia la kuufunikia kwa maji anayoyanunua kwa ndoo. Gharama zote hizo hutiwa katika fungu la nyanya nne. Mnunuzi wake, ambaye kipato chake ni cha kutwa, hawezi kwenda Ilala kujaza kapu kwa bei ya jumla kama afanyavyo mwenye gari, basi hununua fungu. Na kwa kununua kidogo kidogo, mahali pa mbali, hujikuta akilipa kwa kila nyanya zaidi ya aliyemshinda kwa mali. Mama mwenye watoto wengi, fedha zisipotosha, hapunguzi unga, hupunguza mboga.

Huku Bungu mnavu na mchunga huota kando ya njia, na hata aliye fukara kabisa hakosi jani la kulia bada, yaani ugali wa muhogo. Mtu huyohuyo, akihamia katika mtaa usio na bustani wala soko, hata akipata fedha zaidi ya alizokuwa akizipata nyumbani, mboga yake huwa haba kuliko ya awali. Kwa hiyo, Mheshimiwa, umaskini peke yake hautoshi kuwa jawabu. Mahali pa kupatia chakula pana hukumu yake.

Athari zake hazijifichi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Nao utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba asilimia 42 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Sisemi kwamba masoko peke yake ndiyo sababu, kwa maana maradhi na uchache wa kipato vina sehemu yao. Lakini haifai kumhimiza mama ale mchicha kila siku ilhali mchicha wenyewe uko mwendo wa nauli mbili.

Taifa hili liliwahi kulifahamu jambo hili vizuri. Mwaka 1975 redio ilieneza kampeni ya Chakula ni Uhai, na mwaka huohuo likafunguliwa Soko Kuu la Kariakoo, kazi adhimu ya msanifu wetu Beda Amuli. Sensa ya 1978 iliwakuta katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 843,090. Ile ya 2022 iliwakuta 5,383,728. Mitaa imeongezeka, nyumba zimefika mbali ambako zamani palikuwa na mikorosho na mihogo, lakini masoko makubwa ya mboga yamebaki karibu na kitovu cha mji, hata usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Kariakoo ilipoungua, ikadhihirika jinsi ilivyo hatari kuutegemeza mji mzima kwa masoko machache.

Yuko atakayesema kwamba biashara itajitafutia njia yenyewe. Kwa baadhi ya vitu ni kweli: soda na biskuti hufika kila kichochoro cha Dar es Salaam, na hufika Bungu pia, kwa kuwa vitu hivyo vyaweza kukaa rafuni miezi mingi vikimngoja mteja. Mchicha haungoji. Kitu kinachooza upesi huhitaji kivuli, maji, na mahali panapojulikana ambapo muuzaji na mnunuzi watakutana kila siku. Na mambo hayo matatu mchuuzi wa mtaji mdogo hawezi kujijengea peke yake. Hapo ndipo inapoanza dhamana ya serikali.

Wala mfano hatuhitaji kuuazima mbali. Serikali yetu ilikwisha kutamka zahanati kwa kila kijiji, kituo cha afya kwa kila kata, na sekondari kwa kila kata. Na kwa kutamka hivyo iliwapa wananchi kipimo cha kudaia haki yao. Naomba soko nalo litamkwe vivyo hivyo: soko kila kata, likihesabiwa miongoni mwa huduma za lazima, badala ya kutazamwa kama chanzo cha ushuru tu.

Likitamkwa, mengine yatafuata. Kwanza, viwanja vya masoko vitengwe na kulindwa kabla mitaa mipya haijajaa nyumba. Pili, wenye magenge wajengewe mabanda yenye maji na taa, na wafikiriwe katika ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tatu, tujifunze kwa jiji la Belo Horizonte la Brazili, ambalo tangu mwaka 1993 liliwapa wafanyabiashara viwanja vya umma penye wateja wengi, kwa sharti kwamba vyakula kadhaa wauze kwa bei iliyopangwa na halmashauri, na mwisho wa juma wavipeleke katika mitaa ya pembezoni. Nne, na hili ni letu wakulima, Sheria ya Vipimo isimamiwe ili lumbesa, yaani kujaza magunia kupita kipimo, ikome, na barabara za udongo za milimani zitengenezwe, zipitike hata masika.

Mheshimiwa Waziri, najua kwamba masoko hayo hayajengwi kwa mwaka mmoja, nami siombi muujiza. Naomba jambo moja linalowezekana kabla ya bajeti ijayo: uziagize halmashauri zote za majiji zitangaze hadharani, kata kwa kata, wapi pana soko la mboga na wapi hapana, na lini kila kata isiyo nalo itajengewa. Orodha hiyo ikibandikwa katika ofisi za watendaji, wananchi wataisoma, na madiwani watajibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa Bungu, Usambara