Zabibu za Dodoma zinamfundisha nini mkulima wa Haut-Katanga?

Hapa Lubumbashi, kila mara bunga ya mahindi inapopanda bei, swali ni lile lile: juu ya nini tunangojea malori ya Kasumbalesa, na udongo tuko nao? Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia, mahindi ikapungua kule, na bukari ikawa ngumu katika nyumba zetu. Kila mara hivyo, viongozi wanasema: tulime. Lakini nani atanunua? Hiyo wanaisema mara chache.

Tuangalie jirani zetu wa Tanzania. Dodoma ni eneo kame. Mvua yake ni karibu nusu ya ile ya Lubumbashi. Miaka ya 1950, wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu kule Bihawana kwa ajili ya divai. Ilishika. Leo mkulima wa Dodoma anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, na kituo cha utafiti cha Makutupora kinasaidia kwa mbegu na ujuzi.

Kwa hiyo shida yao kubwa haikuwa udongo. Ilikuwa soko. DOWICO, kampani ya serikali ya divai, ilianguka, na wakulima wakabaki wakitafuta mnunuzi. Mahindi unaweza kuiweka ndani ya mifuko, ungojee bei. Zabibu ikiiva haingoji. Siku chache tu, inaoza. Mnunuzi anajua hivyo, na bei anaipanga yeye.

Kisha kukaja shida ingine: viwanda kuagiza mchuzi wa zabibu kutoka nje, huku zabibu za wanakijiji zikikosa mnunuzi. Serikali ya Tanzania ilijibu kwa ushuru: divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini inalipa kidogo kuliko ile ya nje. Wakulima nao walielewa faida ya kukamua wenyewe: mchuzi ndani ya tangi unaweza kungoja, zabibu kwenye kikapu haiwezi.

Na sisi? Simwambii mtu wa Kipushi akimbilie mizabibu. Mvua zetu za Novemba mpaka Machi zinaleta ukungu kwenye majani, na kiangazi kinadai maji ya kumwagilia. Lakini funzo linatuhusu. Wakati wa gavana Moïse Katumbi, kampani za madini ziliamriwa kulima hektari 500 za mahindi kila moja. Mashamba yalifunguliwa, lakini malori ya Kasumbalesa hayakuisha. Amri inaweza kulimisha shamba. Haiwezi peke yake kumpa mkulima mdogo mnunuzi wa kila mwaka.

Njia iko. Sheria ya madini ya 2018 inadai kampani ziandikiane cahier des charges na wakaaji wanaoguswa na kazi zao. Mara nyingi tunaomba mbegu, shule, kisima. Ni vizuri. Tuombe pia kampani inunue mboga, mahindi na mayai ya kijiji kwa ajili ya kulisha wafanyakazi wake, kwa bei iliyoandikwa.

Basi, mradi ukija kwenu na mifuko ya mbegu, kabla ya kupiga makofi ulizeni mambo matatu: nani atanunua, kwa bei gani, na mavuno yatawekwa wapi kama mnunuzi hakuja?