Ngeta ya Serikali

Vijana wa Nairobi wana jina lao la kitendo cha kumvamia mtu kwa nyuma, kumzungushia mkono shingoni na kuubana hadi aregee. Wanakiita ngeta. Mwizi anayempiga mpita njia ngeta kichochoroni na kumpora aweza kushtakiwa kwa wizi wa mabavu, kosa ambalo adhabu yake katika Kanuni ya Adhabu ni kifo. Lakini mkono ule ule ukivikwa sare hupata jina jingine. Huitwa kumdhibiti mshukiwa. Twauliza: shingo iliyobanwa yaijuaje tofauti hiyo?

Kuna kesi ambayo kila mpenda mageuzi apaswa kuijua, ingawa haikutokea kwetu. Usiku wa manane wa tarehe 6 Oktoba 1976, polisi wa Los Angeles walimsimamisha Adolph Lyons, kijana mweusi wa miaka 24, kwa sababu taa ya nyuma ya gari lake ilikuwa imeungua. Hakuwa na silaha. Kwa maelezo yake, aliamriwa aelekee gari na kuweka mikono kichwani. Akatii. Alipolalamika kwamba funguo alizoshika zilikuwa zikimuumiza, afisa mmoja alimkaba koo hadi akazimia. Alipozinduka alikuwa amelala kifudifudi, akitema damu na mchanga, amejikojolea na kujinyea, na koromeo lake limeumia. Polisi wakamwandikia hati ya kosa la barabarani, wakamwacha aende zake.

Lyons aliiomba mahakama iwapige marufuku polisi wa jiji hilo kukaba watu koo pasipo hatari ya kifo. Tarehe 20 Aprili 1983, Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilimkatalia kwa kura tano dhidi ya nne. Angeweza kudai fidia kwa kilichompata, walisema majaji watano, lakini hakuwa ameonyesha kwamba yamkini yeye mwenyewe angekabwa tena. Ebu fikiri, ndugu msomaji. Ili kuizuia ngeta ya pili, ilimpasa athibitishe kwamba inamjia!

Jaji Thurgood Marshall alipinga uamuzi huo. Aliandika kwamba tangu 1975 watu wasiopungua 16 walikuwa wamekufa baada ya kukabwa hivyo na polisi wa Los Angeles, na 12 kati yao walikuwa wanaume weusi. Huyu ndiye Marshall aliyekuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960, akatuandalia rasimu ya haki za raia. Mtu aliyetuwazia haki zetu tukiwa bado koloni alishindwa kwa kura moja tu kuilinda shingo ya kijana wa kwao.

Miaka 38 baadaye, tarehe ile ile, 20 Aprili 2021, baraza la wazee wa mahakama mjini Minneapolis lilimpata Derek Chauvin na hatia ya kumuua George Floyd. Dunia nzima iliona picha za tarehe 25 Mei 2020: mtu aliyekwisha kufungwa pingu, kifudifudi barabarani, goti la afisa likiwa shingoni mwake kwa zaidi ya dakika tisa. Si kwamba hatari haikujulikana. Tangu 1995 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuwa imewatahadharisha polisi kwamba mshukiwa akishafungwa pingu aondolewe kifudifudi upesi. Maarifa yalikuwako kwa miaka 25, nalo goti halikuondoka.

Tulieleze jambo hili kwa lugha nyepesi, kwa maana wengi hudhani kwamba anayeweza kusema anaweza pia kupumua. Sivyo. Kusema kwahitaji pumzi kidogo tu. Kuishi kwahitaji mbavu zipanuke na kifua kijae. Mtu akilazwa kwa tumbo, mikono ikafungwa mgongoni, na mzigo wa mwili wa mwingine ukakaa juu yake, kifua hakipanuki. Hapo mwili huanza kufurukuta wenyewe, ukiitafuta hewa. Afisa huona mtu anayekataa kukamatwa, naye huongeza uzito. Akiokoka, mtu huyo hujikuta kizimbani akisomewa shtaka la kumpinga afisa wa polisi kazini. Sisi tunaoshinda mahakamani twayajua mashtaka hayo, na twakiri kwamba mara nyingi hatukuuliza ni nani aliyekuwa ameketi juu ya nani.

Na kwetu je? Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, iliyotungwa na mkoloni mwaka 1930, husema katika kifungu cha 24 kwamba aliyekamatwa asizuiwe kwa nguvu kupita kiasi kinachohitajika ili asitoroke. Mkoloni mwenyewe aliliona hilo! Katiba ya 2010 ikakataza mateso kabisa, pasipo kisingizio chochote. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Sita, yamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, amtafutie tabibu aliyeumia, wala asijifiche nyuma ya amri ya mkubwa wake. Ni maneno mazuri. Lakini shingo haitajwi humo, wala mgongo.

Mnamo Juni 2025 Albert Ojwang', mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alikamatwa Homa Bay, akaletwa Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo cha Kati. Tuliambiwa kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioupasua mwili walikuta majeraha ya kichwa, alama za kubanwa shingo, na majeraha mengine mwilini. Maafisa wa polisi walifikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, nao wakakana. Hukumu ni ya mahakama. Lakini lau mwili ule ungalizikwa upesi bila kupimwa, ukuta ndio ungalibaki mshtakiwa pekee.

Twataka kanuni iandikwe, yenye kutaja viungo kwa majina: mkono au goti lisiwekwe shingoni, aliyefungwa pingu asilazwe kifudifudi, bali aketishwe au alazwe ubavu, na afisa mwenzake anayetazama bila kuzuia ahesabiwe kuwa mshiriki. Ofisi ya uchunguzi wa vifo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, kisha ikaachwa miaka na miaka bila kufunguliwa, ipewe watu na fedha.

Makanisa yasingoje kanuni hiyo. Parokia ziwe na watu wawili au watatu wanaojulikana kituoni kwa majina. Kijana akikamatwa, waende siku hiyo hiyo, waulize nambari ya kitabu cha matukio, waombe kumwona, na wamtazame shingo, vifundo vya mikono na macho. Waandike saa. Akiwa anahema kwa shida au sauti imemkauka, wadai daktari papo hapo, na wasiondoke hadi amefika.