Kuteleza Si Kuanguka

Wiki hii tunawaandikia jambo lililotufika Nakuru, tulipokwenda kuwazuru jamaa zetu wakati wa likizo. Mpwa wetu, kijana wa miaka 14, anajifunza tenisi katika uwanja wa saruji uliopakwa rangi. Tulipomnunulia viatu tuliuliza swali moja tu: "Vinashika?" Sisi watu wa pwani, tuliozoea sakafu zenye maji na ngazi za mawe, hatukufikiri kwamba kiatu chaweza kushika kupita kiasi. Siku ya tatu aliukimbilia mpira pembeni, akakita mguu ili ageuke. Mwili ukageuka, kiatu kikakataa. Goti likavimba, na kwa wiki tatu kijana alitembea akichechemea. Kosa lilikuwa letu, wala si lake.

Katika uwanja wa udongo, kama ule wa mashindano ya Paris, mchezaji husimama kwa kuteleza kidogo, na udongo hupokea sehemu ya nguvu zake. Saruji haipokei kitu. Kiatu kikiganda ghafla, nguvu yote hupanda kwenye kifundo cha mguu na goti. Nahodha anapotia nanga huiachia kamba ndefu, kwa kuwa chombo kilichofungwa kwa kamba fupi hakiwezi kupanda na wimbi. Mguu nao wahitaji kamba yake.

Nakuru ina mambo mawili ya kuzingatiwa zaidi. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira huenda kasi, na mtoto hulazimika kukimbia na kusimama kwa ghafla. Tena kuna vumbi, ambalo likitanda juu ya saruji humtelezesha hata aliyevaa kiatu kizuri. Kwa hiyo hatusemi mtoto avae soli iliyolika. Uwanja ufagiliwe kwanza, na ukiwa umelowa mchezo uahirishwe.

Mzazi anayechagua kiatu na akigeuze atazame soli. Michirizi ya zigizaga, mirefu na iliyojaa soli nzima, imekusudiwa udongo. Kwenye saruji hushika mno na hulika upesi. Soli yenye vipele vidogo ni ya nyasi. Kwa uwanja mgumu tafuta mpira imara, michirizi isiyo na kina kirefu, na sehemu laini kidogo chini ya wayo wa mbele, pale mguu unapozungukia. Raba za kukimbilia zisitumike: kisigino chake ni kirefu na laini, na ubavu wake hauzuii mguu kupinduka.

Kisha kijaribuni kiatu uwanjani kabla ya mchezo. Mtoto asimame, atie uzito kiasi, ausukume mguu kwa upande. Kiatu chema hushika, kisha huachia polepole. Kikiganda na mguu ukajipinda ndani yake, hakifai. Kikikimbia bila kusimama, hakifai vilevile. Viatu vipya vitumike kwa mazoezi mepesi siku za mwanzo, mpaka mtoto avizoee.

Mwaka 2022, Angella Okutoyi wa Kenya alishinda mechi za wasichana huko Melbourne mwezi Januari, kwenye uwanja mgumu. Mwezi Julai, yeye na mwenzake wakatwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili huko Wimbledon, kwenye nyasi. Watoto wetu wanaweza kuota ndoto kama hiyo, lakini huifikia kwa magoti mazima.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Tulilikariri neno hilo tangu utotoni, na ilitubidi tupande hadi Bonde la Ufa ili tulielewe. Mwili wa mtoto ni amana mikononi mwetu. Tunapouliza kama kiatu kinashika, tuulize pia kama kinajua kuachia.