Gari la zimamoto lina viti vingapi?

Kila moto ukiwaka hapa Bongo, mjadala ni uleule. Wamechelewa. Wamekuja bila maji. Gari ni bovu, serikali inunue jingine. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021 tuliyasema hayo, na kabla ya hapo tulishayasema sana. Halafu siku moja mheshimiwa anakata utepe mbele ya gari jekundu linalong'aa, king'ora kinalizwa kidogo, picha zinapigwa, tunatulia mpaka moto mwingine.

Mimi nina swali la kizushi tu. Hilo gari wanapanda akina nani, na wako wangapi?

Tufanye hesabu, ile ya darasa la saba. Wiki ina saa 168. Moto haufungi ofisi saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo kila kiti cha gari kinatakiwa kiwe na mtu saa zote hizo. Ukimfanyisha askari kazi saa 24 kisha ukampa saa 48 za kupumzika, kwa wastani anafanya saa 56 kwa wiki. Maana yake kiti kimoja kinahitaji watu watatu. Gari la watu wanne linahitaji 12, na hapo hakuna aliyekwenda likizo, aliyeugua malaria, aliyejifungua wala aliyepelekwa kozi. Ukiwa mkweli utaajiri 15. Kwa hiyo mheshimiwa akikabidhi magari 10, anatakiwa awe ameshatafuta askari 150, amewafundisha, na ana mishahara yao mwezi hadi mwezi kwa miaka 30 ijayo. Utepe wa hao 150 nani amewahi kuuona ukikatwa?

Mtaniuliza, kwa nini wanne na si wawili? Wamarekani, ambao wakiamua kupima kitu wanakipima kweli, walilijaribu hilo. Taasisi yao ya viwango, NIST, ilitoa ripoti mwaka 2010 baada ya majaribio 60 kwenye nyumba ya kuchomwa makusudi. Kulikuwa na kazi 22 za kufanya: kuvuta mpira wa maji, kuweka ngazi, kutafuta watu ndani na kadhalika. Gari lililokuja na watu wanne lilimaliza kazi zote mapema kwa dakika kama saba kuliko lililokuja na wawili, na kwa dakika kama tano kuliko lililokuja na watatu. Gari ni lilelile, pampu ileile. Kilichobadilika ni idadi ya watu. Dakika saba ni nyingi mno kama mtoto wako yuko chumbani na moshi unaingia chini ya mlango.

Sasa tuje kwenye utani wetu wa taifa, kwamba zimamoto huja bila maji. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja ukimwaga lita 500 kwa dakika, dakika 10 tangi limekauka. Ukifungua mipira miwili, dakika tano. Wewe uliyekuja kushangaa ukiwa umechelewa kidogo utakuta askari wameshika mipira mikavu, utapiga picha na kuandika "wamekuja bila maji." Hapo kinachotakiwa ni mtu mmoja ambaye kazi yake usiku huo ni maji tu: anajua bomba la kujazia liko mtaa gani, lipi limefukiwa na kibanda cha chipsi, lipi halijatoa maji tangu barabara iwekwe lami. Kama gari limekuja na dereva na wenzake wawili, mtu huyo hayupo. Dereva yuko kwenye pampu, wenzake wako motoni. Ukiwaongezea gari la pili bila watu, utakuwa na magari mawili yasiyo na mtu wa maji.

Na huyo mtu wa maji hatengenezwi kwa wiki mbili. Ndiyo maana suala la uhamisho linanikera. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa vya halmashauri, kila mji na lwake. Sheria ya mwaka 2007 ikaunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wenzetu Kenya wamepita njia nyingine, Katiba yao ya 2010 imeliweka zimamoto mikononi mwa kaunti. Mimi nauunga mkono mfumo wetu: mafunzo mamoja, vyeo vimoja, namba moja ya kupiga, 114. Lakini jeshi la taifa lina uhamisho wa taifa. Konstebo aliyekariri vichochoro vya Manzese ukimpeleka Songea, vichochoro vile anaondoka navyo kichwani, na anayekuja anaanza upya. Kwa polisi wa upelelezi labda kuna sababu ya kuwazungusha. Dereva wa gari la zimamoto akae mahali pamoja miaka mitano, na kupanda cheo kusimlazimishe kuhama.

Halafu kuna Bukoba. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria, watu 19 wakafa na 24 wakanusurika. Waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi alisifiwa nchi nzima, na Rais akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sina ugomvi na yule kijana, nilimpigia makofi kama wengine. Ila jamani, uwanja ule wa ndege uko kando ya ziwa tangu enzi. Kwamba mtu anayejua kuogelea na kupiga kasia anafaa kuajiriwa kwenye kikosi cha uokoaji cha mji wa ziwani, mpaka ndege izame ndipo tulijue? Ajira hiyo ilitakiwa itoke kwenye faili la afisa utumishi miaka 10 kabla, na iwe kwa wavuvi 20.

Jambo la mwisho, fupi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, kundi moja na sigara. Hivyo askari anayeingia kwenye moshi leo anatakiwa awe na daftari linaloonyesha kila moto aliouzima, ili akiugua baada ya miaka 20 asianze kubishana na karani kwamba aliwahi kuingia humo.

Bajeti ya Mambo ya Ndani inasomwa kila mwaka bungeni, na wabunge husimama kuomba gari la zimamoto kwa ajili ya wilaya zao. Namsubiri mmoja atakayesimama aulize: usiku wa kuamkia leo, kituo cha wilaya yangu kilikuwa na askari wangapi zamu, na kati yao wangapi wanaweza kuendesha pampu?