Injini Ipi Yamfaa Mtumishi Atengenezaye Motokaa Yake Mwenyewe?



Kila Jumamosi hapa Lyamkena huonekana watumishi watatu au wanne wameinamia boneti iliyo wazi, mikono imejaa oili, na shati la ofisini limetundikwa mtini. Wapo wasiopendezwa na jambo hilo, wasemao kwamba haimpasi karani kulala chini ya gari kama utingo. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Mishahara yetu yajulikana na kila asomaye karatasi hii, na ujira wa fundi waijua mifuko yetu. Kazi ambayo mtu aweza kuifanya kwa mikono yake, aifanye.

Walakini si kila injini huikubali mikono hiyo. Mwenzetu mmoja alikopa fedha akanunua motokaa nzuri ya petroli iliyoandikwa D-4. Hakuuliza maana ya herufi ile. Maana yake ni kwamba petroli hairushwi katika njia ya hewa, bali humiminwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa pampu ya pili yenye kani kubwa. Baada ya muda injini ilianza kutetemeka isipokuwa mwendoni, na njia za hewa zikajaa masizi. Alibadili plagi, akabadili chujio, akawaita mafundi watatu, na kila mmoja alimwachia maneno mapya na hesabu mpya. Leo motokaa ile imekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na mkopo ungali ukikatwa mshaharani kila mwezi. Kwa ajili yake ndipo tulipoona yatupasa kuandika.

Iliyo nyepesi kuliko zote ni zile K za kwanza za Toyota, kama 4K yenye 1,290 cc. Kemshafti yake imo ndani ya bloku, huzungushwa na cheni, na nafasi ya vali hurekebishwa kwa spana na bisibisi. Mtu akifungua boneti yake aiona ardhi chini, na mkono wapita pande zote. Kabureta ndiyo itakayomsumbua, hasa ikiwa gari limetoka pwani, maana Makambako iko juu zaidi ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, na jeti iliyofaa Dar es Salaam humwaga petroli nyingi mno huku kwetu. Moshi mweusi na plagi nyeusi ndizo dalili. Lakini gari hizo zimezeeka, na anayenunua moja leo ajue kwamba anunua pia kutu ya watu wanne waliomtangulia.

Wengi watauliza habari za dizeli, kwani barabara ya Songea na ile ya Mbeya zimejaa Hilux kuukuu. Twazisifu injini za L, yaani 2L ya 2,446 cc, 3L ya 2,779 cc, na 5L ya 2,986 cc. Pampu yao ya nozeli hufanya kazi pasipo kompyuta. Dizeli ikikatika njiani, mtu hukaza mipira, husukuma kwa mkono ile pampu ndogo iliyo juu ya chujio hata hewa itoke, akaenda zake. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya huku ikiuma, injini ikikataa kuwaka, apime kwanza hita zake nne kabla ya kuilaumu betri. Pampu yenyewe, hata hivyo, asiifungue. Hiyo ni kazi ya mwenye mashine ya kuipimia.

Na hapa twakiri kosa letu. Injini hizo zina mkanda wa taimingi, na kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka kilomita 100,000 zikitimia. Katika gari letu taa hiyo haikuwaka kamwe, nasi tukafurahi. Mkanda ulipokatika kabla hatujafika Njombe, vali zikagonga pistoni, tuligundua kwamba balbu ilikuwa imetolewa zamani. Anayenunua gari la namna hii asiulize, aubadili mkanda juma lile lile.

Kuhusu Land Rover ya 300Tdi, hedi yake hufunguliwa pasipo kuugusa mkanda, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mwenye nayo sharti apende kukaza nati kila juma. Na 1HZ ya silinda sita, ambayo wengi twaijua kwa sababu ya magari ya ofisi, hatuna la kuilaumu isipokuwa bei.

Sasa twajua tutapingwa. Twaona kwamba kwa mtumishi aendaye kazini na kurudi, injini imfaayo kuliko zote ni 1NZ-FE ya 1,497 cc au ndugu yake 2NZ-FE ya 1,298 cc, iliyomo katika Toyota IST. Wazee wa gereji husema kwamba penye kompyuta fundi wa nyumbani hana lake. Sivyo. Injini hii haina mkanda bali cheni, haina distribyuta wala kabureta, koili zake nne zimekaa juu ya plagi na kila moja yatoka kwa boti moja. Likiharibika jambo, kompyuta yenyewe hutaja namba ya kosa, ilhali kabureta haijamwambia mtu lolote. Kinachodaiwa ni oili safi kwa wakati wake, maana cheni na VVT-i huteswa na oili chafu. Dizeli mpya za komoni-reli ni habari nyingine: nozeli zake hazivumilii maji wala uchafu, nasi twamwonya kila anayezitamani kwa ajili ya sura ya gari.

Mashine ndogo ya kusomea namba hizo si ghali watu wakichangiana. Twaiomba kamati katika mkutano ujao iinunue moja, pamoja na spana ya kupimia mkazo wa bolti za hedi, zikae katika kabati la Mweka Hazina na kuazimwa kwa kutia sahihi daftarini. Sisi tu tayari kulitunza daftari hilo.